Ua la Mgomba wa Jovina

Ukifika Bilele, pale Bukoba mjini, ukaulizia mpiga picha, utaonyeshwa vibanda vitatu. Viwili kati ya hivyo vitakupiga picha ya pasipoti utoke umevimba na kufifia, kama mtu aliyeamshwa wodini. Cha tatu ni cha Rutaihwa. Huyo akikupiga, hata kovu ulilolipata ukiwa darasa la pili litaonekana, na wapo wasiomwendea kwa sababu hiyohiyo. Mimi siwalaumu. Si kila mtu anataka kujiona alivyo, na Rutaihwa mwenyewe hakuwa tofauti nao.

Alizaliwa Izigo, upande wa Muleba, katika kibanja cha baba yake, Kashaija. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni nyumba, ni migomba inayoizunguka nyumba, ni mibuni chini ya migomba, na ni makaburi ya wazee humohumo ndani. Kashaija naye alizikwa hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni, na mjane wake, Jovina, akabaki akikitunza kibanja kile kwa mkono wake. Watoto wengine wawili walitangulia mbele ya haki. Alibaki Rutaihwa peke yake, naye akaenda mjini kupiga picha.

Kwa miaka mingi alipiga harusi, na kipaimara kule Kashozi. Akachoka. Bi harusi mmoja ana shangazi kumi, na kila shangazi ana maoni yake. Siku moja huko Kagondo, wakiwa wanamsubiri bi harusi aliyekuwa bado anasukwa, Rutaihwa aliinama akapiga picha ua la mbuni lililochanua kando ya nyumba. Kwenye kioo cha kamera lilionekana zuri. Alipolikuza, lilikuwa uji. Akapiga jingine, uji. Akapiga maua arobaini, yote uji mtupu. Bi harusi alipotoka, alimkuta mpiga picha wake amepiga magoti matopeni na suruali ya sherehe, amelinunia ua.

Hasira ile ndiyo iliyomfundisha. Ilimchukua miaka miwili kujua kwamba ukisogea karibu sana na mmea, sehemu inayotoka safi ni nyembamba kuliko ukucha. Ukiipata ncha ya ua, shina lake linapotea; ukipumua, vyote vinapotea. Akaacha kuzungusha lenzi akitafuta fokasi. Aliiacha ilipo, akausogeza mwili wake mbele na nyuma, polepole, mpaka kitu chenyewe kikae. Alijifunza kulibana tundu la lenzi ili sehemu safi iongezeke kina, na kungoja, maana upepo wa ziwa ukishaamka saa nne hakuna jani linalokusikiliza. Katika mkoba wake mlikuwa na kibanio cha nguo alichokifunga kwenye kijiti, cha kushikia shina lisitikisike, na mfuniko mweupe wa ndoo wa kurudisha mwanga chini ya majani, na mwavuli wa bi harusi mmoja aliyeusahau, wa kukingia upepo. Mlikuwa pia na kitambaa laini cha lenzi. Hicho alikitunza kuliko leso ya kanisani. Alifuta lenzi kabla ya kupiga na alifuta baada ya kupiga, na chembe moja ya vumbi ilitosha kumharibia siku.

Sifa zake zikamfikia Elieza, afisa wa mradi mmoja wa kilimo uliokuwa ukizunguka kufundisha watu juu ya unyanjano. Huo ni mnyauko wa migomba. Mgomba ukiupata, majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza rangi ya kahawia, na ukilikata shina linatoa usaha wa njano. Hauna dawa. Unang'oa, unafukia, unakaa kusubiri. Na unasafiri kwa njia ya kijinga kabisa: panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mzima, umeshauhamisha.

Elieza alitaka picha za karibu za ugonjwa huo, kali kiasi kwamba hata bibi asiye na miwani akiziona kwenye bango aseme hiki ndicho kilichoko kwangu. Rutaihwa akapewa fulana ya mradi na kichwa kikamvimba kidogo, kama kinavyotuvimba wote tukipewa fulana. Alizunguka na Elieza kijiji hadi kijiji. Mafunzo yale aliyasikia zaidi ya mara hamsini: livunje ua dume la mgomba kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga, pitisha panga motoni kabla hujaingia kibanja kingine. Aliyasikia yote jicho moja likiwa kwenye kamera. Ile picha ya panga juu ya moto, cheche zake unaweza kuzihesabu, ni ya kwake. Watu waliisifu sana.

Kwa kazi hiyo alihitaji kisu, na alikuwa nacho. Kilikuwa kisu kidogo cha baba yake, chenye mpini uliozungushiwa waya wa shaba, alichokabidhiwa na mama yake siku ya kuondoa matanga. Usaha wa unyanjano hauna subira. Ukilikata shina, una dakika chache tu tone lijae, lining'inie, lidondoke. Mkato uwe wa haraka na lenzi iwe tayari inangoja.

Huko Izigo, Jovina alikuwa ameyashika mafunzo kuliko hata walioyaleta. Pale njia inapoingia kibanjani kutoka barabarani aliweka mafiga matatu, na moto wake haukuzimika mchana. Hakuna panga lililopita hapo bila kulazwa motoni. Mkwe, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, wote waliulizwa swali lilelile, kwa lile waitu letu la heshima:

"Panga lako limepita motoni, waitu?"

Walimcheka wakamwita mhunzi. Hakujali. Aliyemwelewa ni Benadetha, mjane mwenzake, jirani wa mpaka mmoja. Wanawake hawa wawili walichota maji pamoja tangu wakiwa maharusi. Walikuwa jumuiya moja, na kikundi kimoja cha kuzikana. Mmoja akivuna mkungu, chane mbili zilivuka mpaka bila kuombwa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Juni, mwaka juzi, kahawa zimeanikwa kila uwanja. Asubuhi Rutaihwa alikuwa kwenye kibanja kimoja nyuma ya mji wa Muleba, kibanja kilichokwisha kabisa. Alikata mashina tisa ndipo akalipata tone alilolitaka, la njano, limening'inia, na ndani yake unaliona jua dogo. Akafurahi kama mtoto. Alifuta lenzi kwa kitambaa chake laini, mara tatu. Kisu alikifuta kwenye suruali, akakitumbukiza mkobani.

Njiani kurudi Bukoba akashuka Izigo. Alikuwa na ahadi na mama yake. Wiki moja nyuma Jovina alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mgomba ulio karibu na kaburi la baba yake umetoa mkungu ambao hajauona tangu aolewe. Chane zote zilikuwa zimeshatoka, na alikuwa anakwenda kulivunja ua dume kwa panda lake kama alivyofundishwa.

"Liache kwanza, mawe," Rutaihwa alimwambia; mawe kwetu ndiyo mama. "Nije nilipige picha."

Akaliacha. Angefanyaje, na mtoto ndiye aliyeomba.

Alipofika kwenye mafiga, moto ulikuwa unawaka. Jovina alikuwa amesimama palepale, kijiti mkononi, anasukuma kuni. Aliiona fulana ya mradi, akaiona kamera, akamwona mwanawe. Hakumuuliza. Nani anamuuliza daktari kama amenawa? Mtu mwingine yeyote katika kijiji kile, ukimtoa huyu mmoja, angeulizwa. Rutaihwa naye alipita akiwa na mawazo ya jua, maana ilikuwa saa nane na alikuwa anafikiria atalikinga kwa kitu gani.

Ua dume lilining'inia chini ya mkungu, zito, la zambarau. Ganda moja lilikuwa limefunuka, na ndani yake vijiua vya rangi ya maziwa vimejipanga. Jani moja lilikuwa linatupa kivuli. Akalikata kwa kisu. Ganda la mbele lilikuwa linaziba. Akalichanja kidogo pembeni, kisha akalizuia kwa ubapa wa kisu kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa kwenye kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu. Mama yake alimshikia mwavuli wa bi harusi. Alibana pumzi. Alipiga picha ishirini na sita, na kila alipotulia aliifuta lenzi.

"Umenikumbusha baba yako," Jovina alisema. "Naye alikuwa akikata kitu, lazima akikodolee macho kwanza."

Kati ya zile ishirini na sita, ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa picha. Kila kijiua kilijitenga na mwenzake, chavua unaiona, na kwenye pindo la ganda kuna utando mweupe wa nta ambao watu hula ndizi maisha yao yote bila kuuona. Elieza alipoonyeshwa aliivuta karibu na macho. Kisha akasema hii inakwenda kwenye kalenda. Ikaenda. Chini yake waliandika kwamba hilo ni ua zima kutoka kibanja kinachofuata kanuni, na pembeni, kwa herufi ndogo, jina la Rutaihwa. Jovina aliitundika sebuleni, chini ya Moyo Mtakatifu.

Julai Jovina aliugua malaria, akalala siku sita. Benadetha ndiye aliyemuuguza. Siku ya tatu aliingia kibanjani na panga lake, akavuna mkungu, akamenya, akapika, akamlisha mwenzake kijiko kwa kijiko. Kabla ya kuvuna alilipitisha panga lake motoni, kwenye mafiga yaleyale. Moto ulikuwa umezimika, akauwasha mwenyewe kwa majani makavu ya migomba. Ila hakuna aliyemwona. Mwenye moto alikuwa kitandani, blanketi hadi puani.

Agosti mgomba wa kaburini ulilegeza jani moja. Kisha la pili. Jovina aliichuma ndizi moja, akaikata katikati, akaona kahawia. Alikaa chini palepale kwenye udongo, na hakuinuka mpaka Benadetha alipopita akamwinua. Wiki ya pili ikawa migomba sita, ya tatu hatukuhesabu tena. Nyuki hawajui mpaka: wanatoka kwenye ua hili wanaingia lile. Watu wa mradi walikuja na agizo la kung'oa. Rutaihwa alikuja kila Jumapili akang'oa pamoja na mama yake, wakachimba, wakafukia, mpaka Septemba inafika katikati kibanja cha Kashaija kilikuwa uwanja. Kaburi lake, ambalo halikuwahi kupigwa na jua la mchana tangu lifukiwe, likabaki wazi, linaonekana kutoka barabarani. Jovina aliona aibu kwa ajili ya kaburi lile kama vile ni mtu aliyevuliwa nguo.

Ndipo alipoanza kuwahesabu waliopita kwenye moto wake. Aliwakumbuka wote, mmoja mmoja, na siku walizokuja. Wote aliwaona kwa macho yake wakilaza panga. Isipokuwa mmoja.

Sipendi kuieleza siku ya mkutano wa kitongoji, lakini bila hiyo hamtaelewa. Walikutana nje, kwa mwenyekiti. Benadetha alisimama, kitenge kimefungwa kifuani, panga lake lenyewe amelileta.

"Nililipitisha motoni, Jovina," alisema. "Nililigeuza pande zote mbili."

"Nani alikuona?"

"Mungu aliniona."

"Huyo hajaandikishwa kitongoji hiki," mtu mmoja wa nyuma akasema, na watu wakacheka. Walicheka kweli. Benadetha aliwaangalia wakicheka, wengi wao amewapokea wakizaliwa.

Mwenyekiti akamgeukia Rutaihwa, aliyekuwa amekaa na fulana yake. "Wewe wa mradi, tuambie kitaalamu. Panga moja siku moja, linaweza kuleta haya yote?"

"Linaweza," Rutaihwa alisema. "Lisipopita motoni, moja linatosha."

Nataka nimtendee haki: siku ile alikuwa hajui. Alijibu alichoulizwa, na alichojibu kilikuwa kweli. Lakini neno lake ndilo lililomaliza kazi. Benadetha alitolewa kwenye kikundi cha kuzikana, maana nani atamchimbia kaburi mtu aliyeua vibanja. Siku chache baadaye migomba yake mwenyewe ikaanza kulegea, na badala ya kumhurumia watu walisema mmeona, ulianzia kwake. Zamu yake ya kuwa na sala za jumuiya nyumbani ilipofika, alifagia uwanja, akapanga mabenchi ya kuazima. Walikuja watatu. Jovina hakuja.

Oktoba mwanzoni Elieza alimwandikia Rutaihwa kwamba wanachapisha kalenda mpya na wanataka picha nyingine ya ua lile, ila yenye nafasi pembeni ya kuweka maandishi. Rutaihwa akakaa kwenye kibanda chake Bilele, asubuhi, kabla ya wateja, akafungua zile ishirini na tano alizokuwa amezikataa. Alizipitia haraka. Hii uji, hii nayo uji, hii mwavuli umeingia. Akafika ya kumi na saba.

Katika ile picha ua lilikuwa limefifia lote, doa la zambarau tu, kwa sababu alikuwa amerudi nyuma nusu ukucha zaidi ya ilivyotakiwa na fokasi ikaangukia kitu kilichokuwa mbele ya ua. Iliangukia kisu. Ubapa wa kisu ulikuwa umetoka mkali kuliko kitu chochote alichowahi kupiga. Waya wa shaba wa mpini, kila mzunguko na mng'aro wake. Mikwaruzo ya mawe aliyonolea baba yake. Na kando ya makali, kuanzia karibu na mpini mpaka katikati, ukoko wa njano uliokauka, umepasuka vipande vidogo vidogo kama matope ya dimbwi lililokauka. Juu ya ukoko ule ulikuwa unatiririka utomvu mbichi wa mgomba wa mama yake, unaulowesha, unateremka nao mpaka kwenye mkato wa ganda.

Aliikuza. Akaikuza tena. Mwanzo aliitazama kama fundi, nami naona aibu kulisema hili lakini ndivyo alivyokuwa: alifikiria kwamba mwanga ule wa pembeni umekaa vizuri. Kisha akayakumbuka yale mashina tisa ya asubuhi ile. Mteja mmoja aliingia akitaka picha nne za kitambulisho, akamwambia kimefungwa. Mlango ulikuwa wazi.

Kesho yake alikwenda Izigo. Alikuwa amepiga moyo konde. Picha aliihamishia kwenye simu, na njia nzima alipanga maneno: atamwambia mama, kisha watakwenda wawili kwa Benadetha, kisha kwa mwenyekiti, na mkutano uitwe upya. Fulana ya mradi hakuivaa.

Jovina alikuwa amekaa barazani akichambua maharage ya kununua, yeye ambaye hajawahi kununua chakula tangu azaliwe. Mafiga matatu yalikuwa bado pale njiani, bila moto. Rutaihwa akakaa chini karibu na miguu yake, akamtolea simu.

"Mawe, tazama hii."

Macho ya Jovina hayakuwa mabovu. Aliishika simu mbali kidogo, akaitazama. Hakuuliza ni nini. Kisu kile alikuwa amekiosha miaka thelathini.

"Hiki ni cha baba yako," alisema.

"Ni chenyewe. Siku ile ya ua. Asubuhi yake nilitoka kukata migomba migonjwa nyuma ya Muleba. Sikukipitisha motoni. Ni mimi, mawe. Ma Benadetha hakufanya kitu."

Jovina aliendelea kuitazama. Kidole chake kikaukuza ubapa wa kisu, kama alivyomwona mwanawe akifanya, kikautembeza ukoko ule wa njano juu na chini. Rutaihwa alingoja kofi, au kilio, na chochote kati ya hivyo kingemfaa.

"Nilikuwa nimesimama pale," Jovina akasema, akionyesha mafiga kwa kidevu. "Moto unawaka. Nilikuona unapita."

"Kosa si lako."

"Umeionyesha kwa nani?"

"Kwako tu."

"Ifute."

Alifikiri hakusikia vizuri. Mama yake akamrudishia simu, akauvuta ungo wa maharage.

"Ifute, mwanangu. Nimeshapoteza migomba, nimeshapoteza na kahawa iliyokuwa inaishi kivulini. Baba yako amelala juani. Nikuongeze na wewe? Watasema mtoto wa Jovina ndiye aliyeleta unyanjano, na kalenda yake iko sebuleni. Hutakanyaga hapa. Nitakufa nani atanileta kwenye shimo?"

"Na Ma Benadetha?"

Jovina alichagua jiwe kwenye maharage, akalitupa uwanjani. "Benadetha ameshayabeba," alisema. "Amezoea uzito wake. Wewe utaanza leo."

Akaifuta, mbele yake, na mama akainama kuhakikisha. Kisha akamwambia aingie jikoni ale. Alikula. Aliniambia mwenyewe kwamba maharage yale yalikuwa na mawe na aliyatafuna hivyohivyo.

Mwisho wa mwezi, mchana, Benadetha aliingia kibandani kwa Rutaihwa. Hakuwa amewahi kufika Bilele. Alivaa gauni la Jumapili na viatu vilivyomkaza, na mkononi alikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya shina lake. Alisema anahama. Kibanja chake nacho kimekwisha, na binti yake aliyeolewa Karagwe amekuja kumchukua, yuko nje na gari la watu linangoja.

"Nataka picha, mwanangu. Moja kubwa, ya uso. Wewe ndiye unayejua kazi. Kule niendako hawanijui, siku nikifa wapate cha kuweka juu ya jeneza. Isitoke ya ukungu."

Rutaihwa alimkalisha kwenye stuli. Alifuta lenzi. Akaweka ule mfuniko mweupe wa ndoo chini ya kidevu chake kuondoa vivuli, akamwomba ainue uso. Akasogea mbele, akarudi nyuma, polepole, mpaka macho ya yule mama yakakaa. Kwa umbali ule hakuna kinachojificha. Aliuona mstari wa chozi la zamani uliokauka, akaona midomo inataka kusema kitu, na akajua kwamba anapaswa kuongea kabla yake. Maneno alikuwa nayo. Aliyapanga njia nzima siku ile ya Izigo na hakuna hata moja lililopotea. Akabana pumzi, akapiga.

"Wewe umeiona hii kazi ya migomba," Benadetha akasema, bado amekaa. "Umetembea kote. Nikuulize, na nijibu kama mama yako. Panga likigeuzwa motoni pande zote mbili mpaka likabadilika rangi, ugonjwa unaweza kubaki?"

"Hapana, Ma Benadetha. Haubaki."

"Nilijua." Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa haki yake. Kisha akangoja kidogo, akimwangalia, na Rutaihwa akainama kwenye kamera kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Picha ilipochapwa aliitazama akairidhia. Akampa kile kifurushi. Kilikuwa na kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, zile wanazopewa wageni wa heshima. Zilikuwa za mwisho kutoka kibanjani kwake.

"Nusu yako," alisema, "nusu ya mama yako. Yeye hapokei salamu zangu, kwa hiyo nakuachia wewe. Mwambie nimemsamehe. Alikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hushika kilicho karibu. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamshika mkono kumpandisha, na binti yake akamshukuru.

Hakumwambia. Angemwambiaje Jovina kwamba amesamehewa, wakati mama na mwana wanajua kwamba aliyesamehe hakuambiwa alichokisamehe? Zile kahawa zimo kwenye droo ya kibanda mpaka leo, kwenye jani lilelile, hajazitafuna wala kuzipeleka. Siku hizi huwafundisha vijana wanaotaka kujua picha za karibu za mimea, na huwaanzisha na kisu, si lenzi. Huwaambia wakisafishe kwa moto kila wakitoka kibanja kimoja. Wakimuuliza kwa nini anaanzia huko, huwajibu kwamba ndivyo kazi inavyotaka.

Benadetha alifariki Karagwe mwezi wa nne mwaka huu. Picha ile ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza, na waliotoka huko wanasema ilikuwa kama anataka kuzungumza. Kutoka Izigo hakwenda mtu.

Jambo moja Jovina halijui. Mwanawe alifuta picha kwenye simu tu. Kwenye kadi ya kamera, kibandani, ya kumi na saba bado ipo. Mara nyingine wateja wakiisha huifungua, anaikuza mpaka ukoko wa njano unajaa kioo kizima, na kila mara anaona kwamba hajawahi kupiga nyingine iliyotoka safi hivyo.